Mifuko Ishirini ya Majani ya Muhogo

Jumamosi wenzangu wa Kiseke hucheza rede, mimi nabeba mifuko ya majani. Ndiyo taabu ya kuwa mtoto wa mhadhiri wa afya ya mimea! Mama yangu, Daktari Leonsia, akiwapeleka wanafunzi wake wa chuo kikuu shambani, nami huburutwa.

Siku hiyo tulikwenda Bujora kwa Mzee Machibya. Alitaka kuwagawia majirani vipando vya muhogo, lakini kwanza ajue kama shamba lake lina michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha mihogo ardhini.

"Prudencia," mama alisema, "mifuko ishirini, mashina ishirini. Usichague majani mazuri kama mchuma kisamvu."

"Nimesikia, mama."

Jua kali, siafu miguuni, aka! Nilisimama kwenye shina moja zuri kando ya njia, nikachuma majani yote ishirini hapo hapo. Nikaandika namba kwenye mifuko. Nani angejua?

Alhamisi, baada ya shule, nilimpitia mama maabara. Nilimkuta amekunja uso.

"Mwalimu, tumepima mara tatu," alilalamika Jonathan, mwanafunzi wake. "Ugonjwa hakuna, lakini vinasaba vya sampuli zote ni vya aina moja ya muhogo."

"Mzee amepanda aina tatu! Nimewagombeza siku nzima, kumbe..." Mama akanigeukia. "Ulichuma kwenye mashina mangapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Moja, mama."

"Moja! Jamani, mtoto huyu ataniua!"

Alimpigia simu Mzee Machibya. Majirani walikuwa wameshafika na mapanga kukata vipando.

"Mzee wangu, msikate hata kijiti kimoja!"

Jumamosi nilirudi Bujora, nikazunguka shamba zima, siafu na yote. Majibu yalipotoka, aina moja kati ya zile tatu ilikuwa na ugonjwa. Mzee Machibya aliing'oa yote, akaichoma moto. Nilimkuta kando ya moto huo, nikaona aibu mno.

"Shikamoo, babu. Nisamehe. Nilidanganya."

"Marahaba." Alifuta jasho, kakasirika kweli. "Majirani wananiamini mimi. Mimi namwamini mama yako, naye alikuamini wewe. Ungenyamaza, mwakani kijiji kizima kingechimba mihogo iliyooza, na mchawi ningeitwa mimi! Kazi ya watu haifanywi kwa kukisia, mjukuu wangu. Ukichoka, sema umechoka."