Nilimwambia Pamba Amekula

Nina miaka arobaini na minne. Natengeneza madirisha na milango ya aluminiamu katika karakana yangu ndogo pale Zinga, na kwangu ni Bagamoyo mjini, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ukiuliza mtaani kwa nini naishi peke yangu, utaambiwa mke wangu aliniacha kwa sababu ya panya.

Wanalisema hilo huku wanacheka. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimewaacha waseme hivyo mwaka mzima, maana uongo huo unanistiri... Leo nataka kusema kilichotokea. Sitafuti huruma yenu. Mkifika mwisho mtaona kwamba sistahili.

Mke wangu anaitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Pangani. Tulikaa kwenye ndoa miaka tisa, hatukujaliwa mtoto. Alikuwa mpishi kwa mume na mke wa kigeni waliokuja kufundisha huku kwetu. Mkataba wao ulipokwisha wakarudi kwao, na mnyama wao wakamwachia yeye. Mnyama huyo anaitwa chinchila. Wengi wenu hamjamwona. Ni wa nchi za baridi, mkubwa kama sungura mtoto, masikio ya mviringo, mkia kama wa kindi, na manyoya ya kijivu laini mno, kidole hakijui kama kimeshagusa. Mwanaidi akampa jina la Pamba.

Nilimdharau tangu siku ya kwanza. Nilisema mbele ya watu kwamba mgeni akikuachia kitu, ujue ni kile kilichomshinda kubeba. Joto la kwetu lilikuwa linamtesa, kwa hiyo Mwanaidi aligandisha maji kwenye chupa, akazifunga kwa kitambaa na kuziweka ndani ya tundu, karibu na kigae ambacho Pamba alikilalia tumbo. Mimi nikirudi kazini nakuta friji imejaa chupa za mnyama, namuuliza mke wangu kama mume naye ana nafasi humo. Nilidhani huo ni utani.

Msimu wa joto uliofuata, umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Pamba akaacha kula. Mwanaidi akampeleka Dar kwa daktari wa mifugo, na huko wakagundua kwamba hata meno yalikuwa yamerefuka na kumchoma mdomoni. Wakayakata. Wakampa unga wa majani wa kukoroga na maji ya uvuguvugu, na mabomba ya sindano yasiyo na sindano. Daktari alimwambia kwamba mnyama wa aina hii hakai na njaa. Tumbo likikaa tupu, matumbo yanasimama, na yakisimama ndiyo basi. Alishwe mara nne kwa siku mpaka atakapoanza kula mwenyewe.

Ningependa mngemwona Mwanaidi akimlisha. Alimviringisha Pamba kwenye taulo, kichwa tu kikabaki nje, akampakata. Ncha ya bomba aliiingiza pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, akasukuma tone. Akangoja atafune. Akasukuma tone jingine. Kulisha bomba moja kulichukua karibu nusu saa, na muda wote alikuwa anamsemesha taratibu. Kisha anampima kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwenye karatasi aliyoibandika mlangoni mwa friji.

Dada yangu Zuhura alikuja siku moja akamkuta katika hali hiyo. Akasema, "Wifi, umekosa mtoto sasa unanyonyesha panya?"

Mwanaidi alinitazama. Alikuwa anangoja mimi niseme neno. Mimi nilicheka... Nilicheka kwa sauti, nikajipiga kofi gotini. Mke wangu aliinamisha kichwa akaendelea kusukuma matone.

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba mama yake anafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na ilibidi Mwanaidi awe naye Pangani wiki nzima. Alitaka kusafiri na Pamba. Nikamwambia mnyama atakufia ndani ya basi kwa joto, na hapo nilisema kweli. Akasema basi atamwomba jirani yetu Mama Salha, ambaye alikuwa ameshamwona akilisha na hakuona kinyaa. Hapo nikakasirika. Jirani aje kwangu mara nne kwa siku kulisha panya, wakati mwenye nyumba nipo? Watu watasema nini?

"Bakari, niambie ukweli," akasema. "Kama huwezi si vibaya. Nitamwomba Mama Salha."

Nikajibu, "Mimi nabeba vioo vikubwa kuliko mlango huu, nitashindwa na bomba la sindano?"

Akanifundisha. Akanionyesha jinsi ya kumfunga taulo, akarudia mara tatu kwamba nisisukume kwa nguvu wala nisielekeze ncha moja kwa moja kooni, maana atapaliwa. Mimi nilikuwa naitikia huku naangalia simu. Mpaka leo sikumbuki nilikuwa naangalia kitu gani.

Asubuhi ya kwanza nilijaribu. Pamba akatema uji wote kifuani kwangu, nikaenda kazini na doa la kijani. Wenzangu kijiweni wakauliza, nikawahadithia, wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa yake. Wakaniita yaya. Wanaume hawa, niwaeleze, hakuna hata mmoja anayejua mtoto wake anasoma darasa la ngapi. Lakini jina lile liliniuma kuliko nilivyomwonea uchungu mnyama mwenye njaa. Ndivyo nilivyokuwa.

Mchana sikurudi kumlisha. Alasiri sikurudi. Baada ya isha nilikoroga unga, nikautazama, nikaumwaga kwenye sinki. Kisha nikachukua kalamu nikaandika kwenye ile karatasi mara zote nne: amekula. Nikabuni na uzito wake. Na kwa kuwa mwongo ni mtu mwenye bidii sana, kesho yake nikauongeza kidogo, ili ionekane ananenepa.

Hivyo ndivyo nilivyofanya siku zile. Asubuhi nampa matone mawili matatu kwa haraka, mara tatu zinazobaki namwaga. Kalamu tu ndiyo iliyokuwa inamlisha. Pamba alikaa pembeni mwa tundu amejikunyata, manyoya yamesimama, na mimi nilipita mbele yake kwenda kuchukua chakula changu.

Mwanaidi alipiga simu kila siku. Nikamwambia amekula, tena vizuri, hata nyasi ameanza kuzigusa. Alifurahi, akamhadithia mama yake. Siku ya tatu mama yake akaiomba simu. Mwanamke mzee, jicho limefungwa bandeji, akaniambia, "Mwanangu, nimesikia unavyomsaidia mwenzio. Mungu akulipe kheri, akupe mtu wa kukutunza siku zako za udhaifu."

Nikaitikia amina. Ndiyo, niliitikia. Mtu anaweza kuitikia amina kwa dua aliyoiiba?

Mama aliendelea vizuri, na Mwanaidi akaamua kurudi mapema. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, nilipigiwa simu kwamba ameshashuka Msata na anatafuta gari la Bagamoyo. Nikakimbia nyumbani. Unadhani nilikimbia kumlisha Pamba? Nilikimbia kuosha sinki.

Aliingia akanisalimia kwa furaha, akaenda moja kwa moja kwenye tundu. Akamtoa. Mikono yake ilijua kabla ya mizani. Alimpima hata hivyo. Akatazama namba, akatazama karatasi ya mlangoni mwa friji, akarudi kutazama namba. Akafungua kopo la unga akakuta karibu limejaa.

Sasa sikilizeni, maana hapa mlango ulikuwa bado wazi. Ningesema, Mwanaidi, sikumlisha, nisamehe... angelia, angenitukana, na jioni ile ile angeanza kumlisha. Badala yake nikasema labda mizani imeharibika.

Hakubisha. Alikoroga unga, akavuta kwenye bomba, akanipa. Akasema kwa upole, "Nionyeshe unavyomlisha. Labda kuna mahali nilikufundisha vibaya."

Nikamshika Pamba. Sikumfunga taulo, maana nilikuwa nimesahau kama kuna taulo. Nikampanua mdomo kwa kidole, na kwa kuwa nilitaka aone kwamba mimi ni mzoefu, nikaielekeza ncha mbele na kusukuma kwa mkupuo. Mwanaidi aliunyoosha mkono kunizuia na hakuwahi. Pamba akapaliwa. Alikohoa kikohozi kidogo cha ajabu, uji ukamtoka puani, akaanza kupigapiga miguu mkononi mwangu.

Mwanaidi alininyang'anya. Akamwinamisha, akamfuta pua, akamsugua mgongo, akampulizia. Alifanya kila alichokijua, akampigia simu daktari akafanya na alichoambiwa. Pamba alikufa kabla ya magharibi, juu ya kanga ya Mwanaidi.

Nikasema pole. Nikaongeza, eti kumtuliza, kwamba ni mnyama tu, atapata mwingine. Alimfunika Pamba kwa ncha ya kanga, kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Bakari, siku mimba yangu ilipoharibika. Ulikuwa pale nje kwenye benchi?"

Lazima niwaeleze. Miaka minne kabla ya hapo Mwanaidi alilazwa, akapoteza mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimemwambia kwamba nilikaa kwenye benchi la nje ya wodi kutwa nzima, naomba dua, wauguzi wamenikataza kuingia. Kila ndugu zangu walipomsema vibaya, na kila ndugu zake walipomwambia aondoke, jibu lake lilikuwa hilo moja: mume wangu alikaa benchi kutwa, hakula wala hakunywa. Alilisema kwa fahari. Nilikuwa namsikia.

Ukweli ni kwamba nilikuwa Chalinze. Nilimfikisha hospitali, nikaona damu, nikaogopa, nikaondoka na rafiki yangu mwenye lori. Tulikula nyama, tukatazama mpira. Nilirudi jioni, nikakaa kwenye benchi dakika chache ili nguo zikunjike.

Sikuweza kumdanganya tena. Nikasema, "Sikuwepo."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. "Basi," akasema. Akainuka kwenda kumzika Pamba uani. Nilitaka kushika jembe, akaniambia niliache.

Kesho yake alirudi Pangani. Wazee walikaa mara mbili kutusuluhisha, na mara zote mbili alijibu kwa heshima kwamba hana ugomvi na mtu, ila hawezi kuugua ndani ya nyumba ile. Nikamwandikia talaka. Baadaye nilimtumia ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Akajibu, "Nimekusamehe. Usinitafute."

Dada Zuhura anahadithia kisa hiki kwenye kila shughuli, jinsi mwanamke alivyoacha ndoa kwa ajili ya panya, na wanawake wanacheka. Ameshaniletea na mchumba, binti wa watu, anasema huyu hana mambo ya ajabu. Nilimtazama dada yangu nikaona sina ruhusa ya kumdharau. Yeye alicheka tu. Mimi nilicheka, nikamwaga chakula, nikaandika amekula. Nilimkataa yule binti, na huenda ni wema pekee nilioutenda mwaka huu.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa wanaume wenzangu mnaotunisha vifua. Mkeo akikuomba kitu, kikiwa kidogo namna gani, kikiwa cha kuchekesha namna gani, usikipime kwa macho ya kijiweni. Kama huwezi, mwambie huwezi, amtafute anayeweza. Hutapungua. Na kama umeshadanganya, sema leo kabla hujaulizwa, maana ukingoja kuulizwa, ukweli wako hautamfaa mtu yeyote. Wangu haukumfaa Mwanaidi. Ulimpa nauli ya kuondoka, basi.