Barua za Kibibi kwa Nesi Tekla

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kibibi alifagia uwanja, akapika uji na kumpelekea mama yake kitandani. Ilikuwa mwaka 1972, kijijini Mkange, naye alikuwa darasa la sita. Mama yake, Bimdogo, alikuwa ameanguka kutoka kwenye dungu la kulindia mahindi, akavunjika mguu. Siku alipotoka hospitali Bagamoyo na plasta mguuni, Nesi Tekla alimwambia Kibibi, "Mkange ni mbali, siwezi kuja. Kila Jumanne niandikie amekunywa vidonge vingapi na maumivu yakoje. Mpe barua Mikidadi, dereva wa lori. Nitakujibu."

Lakini Mama alivificha vidonge chini ya mto.

"Andika nimekunywa."

"Mama, lakini hujanywa!"

"Mosi alikunywa vidonge kama hivi, akalala, hakuamka. Namwona pale mlangoni, mwanangu. Kila nikishika kidonge, ananitazama."

Mosi alikuwa mdogo wake Mama, aliyefariki mwaka juzi baada ya kuungua moto. Kibibi aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu, lakini alisogea karibu na Mama. Akaandika: *Vitatu kwa siku.*

Mama hakulala wala hakula. Kuugulia kwake maumivu kulimfuata Kibibi mpaka darasani. Chaki ilipokwaruza ubaoni, alisikia sauti ya mama yake. Njiani aliogopa kutazama nyuma, asije akamwona Mama Mdogo Mosi.

Wiki ya pili Mikidadi alileta jibu: *Kama anakunywa vyote na bado anateseka, Ijumaa nitamtumia dawa yenye nguvu zaidi.*

Dawa kali zaidi, kwa sababu ya uongo wake! Lori lilikuwa tayari linanguruma kurudi Bagamoyo.

"Mjomba Mikidadi, ningoje!"

Aliandika akiwa ameegemeza daftari kwenye ubavu wa lori: *Nesi, nimekudanganya. Hajanywa hata kimoja. Anasema vilimuua Mama Mdogo Mosi.*

Ijumaa haikuja dawa mpya, ilikuja barua. Kibibi aliisoma kwa sauti. Nesi aliuliza: Mosi alikunywa vingapi?

Mama aliingiza mkono chini ya mto, akavitoa vidonge.

"Pakiti nzima," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi ndiye niliyempa. Alikuwa akilia, nikamwambia anywe mpaka maumivu yaishe."

Kibibi hakuwahi kulisikia hilo. Aliendelea kusoma: *Kama alizidisha, kuzidisha ndiko kulikomdhuru. Mpe mama kimoja baada ya chakula, mara tatu kwa siku, si zaidi. Vilivyobaki vitunze wewe.*

Mama alipokula kidogo, Kibibi alimpa kidonge kimoja. Mama alikitazama.

"Nisamehe, Mosi," alinong'ona, akameza.

Akasinzia. Kibibi alikaa kando yake, akisikiliza kila pumzi, mpaka alasiri Mama alipofumbua macho na kuomba uji.

Miezi miwili baadaye walikwenda Bagamoyo kutoa plasta, Mama akitembea kwa gongo.

"Shikamoo, Nesi," alisema Kibibi, macho chini kwa aibu.

"Marahaba. Kule Mkange sikuwa na macho ila yako, Kibibi. Ulipoandika uongo, nilikuwa namtibu mgonjwa ambaye hayupo, na mama yako akateseka peke yake. Ulipoandika kweli, ndipo nilipomfikia."