Mgeni Aliyejiandika Mkuu wa Nyumba

— Responsable, mukubwa ya nyumba: Rodrigue. Bibi: Anastasie. Batoto babili, bako mu njia kutoka Ariwara.

Mama Félicité, kiongozi wa nyumba kumi, alisoma bila kuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa Anastasie, kaye, daftari la sensa, juu ya magoti. Kila baada ya miezi mitatu alipita hivyo nyumba kwa nyumba, kwa sababu Bunia siku hizi wakubwa wanataka kujua nani analala wapi.

— Rudia, Mama Félicité.

— Responsable, Rodrigue.

— Hapana. Ile ya batoto.

— Babili. Mi nilifikiri ulizaa mbele ya kufika Bunia, ukabaacha kwa mama yako. Sikutaka kukuuliza. Niliona haya.

Anastasie hakuwa na mtoto. Hakuwa na mume pia.

— Nani alikuambia hii yote?

— Bwana yako mwenyewe. Alikuya siku ya jeudi na photocopie ya contrat ya nyumba. Akasema mwenye nyumba atafanya ingine kwa jina yake. Na weye unajua, mwanaume akiwa mu nyumba, ni yeye sisi tunaandika juu. Ni vile tunafanya.

— Hata kama contrat iko kwa jina ya mwanamuke?

Mama Félicité aliinua macho kwa mara ya kwanza.

— Mutoto yangu, contrat mi siulizaka. Naulizaka suruali iko mu nyumba ao haiko.

Alikuwa anatania. Anastasie hakucheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, bati jipya, choo cha peke yake nyuma. Anastasie alitoka Fataki miaka sita iliyopita akiwa na begi moja, akalala kwa shangazi, kisha kwa rafiki, kisha kwenye chumba cha kushirikiana na wasichana watatu. Alipopata kazi ya maabara kwenye kliniki moja ya mjini, alitafuta nyumba miezi mitano. Siku aliyosaini mkataba aliusoma mara tatu mbele ya Papa Donatien, mwenye nyumba, mpaka mzee akaanza kupiga miayo. Tangu aondoke kwao, hapo ndipo pa kwanza ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia ahame kwa sababu tu amechoka kumwona.

Kipengele cha saba alikijua kwa moyo. Mpangaji anaruhusiwa kupokea mgeni. Mgeni akipitisha siku kumi na tano, mpangaji anamjulisha mwenye nyumba kwa barua. Asipofanya hivyo, mwenye nyumba anaweza kuvunja mkataba.

Rodrigue alikuja kwa siku tatu. Alisema chumba chake kinavuja. Alikuwa anapeleka bidhaa kati ya Ariwara na Bunia, magodoro na vitenge, na alijua kuchekesha. Anastasie alipougua malaria, ni yeye aliyechota maji, akapika uji, akakesha kwenye kiti. Siku tatu zikawa miezi minane. Majirani wakasema ni yaka tofanda, yaani wale wanaokaa pamoja kabla ya posa, na Rodrigue akajibu kwamba ng'ombe wa mahari wanatafutwa. Kila mwezi alisema atakwenda kujitambulisha kwa baba yake Anastasie mwezi unaofuata.

Na barua ya kipengele cha saba? Anastasie, ambaye kazini hatoi jibu la kipimo bila kulihakiki mara mbili, hakuiandika. Aliona aibu kumwita mwanaume anayempenda «mgeni» kwenye karatasi. Hilo lilikuwa kosa lake, na alilijua.

— Mama Félicité, hao batoto wanakuya na nani?

— Ngoja... Mireille, dada ya responsable. Namba yake iko hapa. Mutu akitoka territoire ingine lazima niandike namba.

— Nipe.

Alipiga palepale.

— Allo? Nani?

— Naitwa Anastasie. Niko Bunia, mu nyumba ya Rodrigue.

Alishangaa mwenyewe kusikia ameiita ya Rodrigue. Sauti ya upande wa pili ikachangamka.

— Ah, ni weye locataire, ule mupangaji. Rodrigue aliniambia. Dada, usiwe na woga, hatukufukuzi mbio mbio. Utakaa mu ile chumba ya nyuma mpaka mwisho wa mwezi, si vile mulipatana?

— Weye ni dada yake?

— Dada yake namna gani? Mi niko bibi yake. Alitoa ng'ombe tano kwa baba yangu, batoto babili. Tunaingia Bunia siku ya samedi, juu batoto baanze masomo.

Mama Félicité alifunga kaye polepole. Anastasie akazungumza kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mgonjwa majibu.

— Mireille, nisikilize. Hakuna chumba ya nyuma. Iko vyumba mbili. Contrat iko kwa jina yangu tangu mbele nijue huyu mutu. Iko miezi munane anakaa kwangu.

— Anakaa kwako namna gani?

— Namna mwanaume anakaa.

Pikipiki ilisikika ikipita, sijui ya Bunia ama ya Ariwara.

— Analala wapi?

— Mu kitanda niliyonunua.

— Na weye?

— Palepale.

Simu ilikatwa.

— Mutoto yangu, alisema Mama Félicité, mi nilidanganywa. Kaye yangu ilidanganywa.

— Sisi wote, Mama. Lakini kaye yako inafutika.

Akampigia Papa Donatien. Mzee alipokea kwa furaha.

— Anastasie, ni vizuri umeita. Bwana yako atafika leo saa kumi tusaini. Weye unaweza kubaki ku kazi yako, si lazima.

— Papa, ile contrat ni yangu.

— Najua. Lakini bantu bakioana, nyumba inafuata bwana. Na tena, mwanangu, ulivunja article ya saba. Miezi munane hukuniandikia. Mi ningeweza kukutosha mu nyumba. Ni yeye alikutetea. Alisema, Papa, muke yangu alisahau tu.

Basi hapo ndipo Anastasie alipouona mpango wote. Rodrigue alisoma mkataba wake, akaona kosa alilolifanya kwa ajili ya mapenzi, akalibeba kwenda kulitumia. Kwa baba yake Anastasie, ambako neno «bibi» lingemgharimu kitu, hakulitamka miezi minane. Kwa mwenye nyumba, ambako lingemletea paa, alilitamka asubuhi moja tu na photocopie mkononi.

Aliingia chumbani kuchukua mkataba. Taulo la Rodrigue lilikuwa limetupwa juu ya mto wake, bado bichi. Juu ya meza ya kulia chakula kulikuwa na kucha za miguu zilizokatwa na kuachwa, kama kawaida, na siku zote alizifagia bila kusema kitu, kwa sababu mpaka jana zilikuwa kucha za mtu anayempenda. Kwa miaka minne Anastasie alikuwa anafungua vikopo vya choo cha watu, anavitazama kwenye darubini, halafu ananawa na kula mchana. Hakuwahi kutapika kazini. Sasa alitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, akainama, akatapika.

Alisukutua mdomo. Akavaa viatu.

— Mama Félicité, saa kumi unaenda na miye?

— Na kaye yangu.

Rodrigue alikuwa ameshakaa kwa Papa Donatien, shati limepigwa pasi, chupa ya soda mbele yake. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Alipoona nani anaingia, tabasamu lilichelewa kidogo, kisha likafika.

— Chérie. Nilitaka kukufanyia surprise.

— Umefanya.

Anastasie alikaa bila kukaribishwa.

— Papa Donatien, naanza na kosa yangu. Nilipokea mugeni, akapita siku kumi na tano, sikukuandikia. Ni kweli. Barua ni hii hapa, nimeandika leo. Kama unataka kunitosha juu ya ile, iko haki yako, nipe préavis, barua ya kunihamisha, na nitahama. Lakini usimupe mwingine nyumba juu ya kosa yangu kama wewe haujui ni nani.

— Mugeni? alisema Rodrigue. Weye unaniita mugeni mbele ya muzee?

— Nikuite nani?

— Bwana yako.

— Tangu siku gani?

— Anastasie, hii ni mambo ya nyumbani.

— Tangu siku gani? Uliketi na baba yangu lini? Nani alikusindikiza? Ulikula nini kule?

Rodrigue alimgeukia mzee na kucheka kidogo, kicheko cha wanaume wanaoelewana.

— Papa, unaona? Banamuke ya diplôme. Kila kitu examen.

Papa Donatien alitaka kucheka naye. Ilionekana. Lakini alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini, na swali lisilojibiwa lilimsumbua.

— Jibu, mwanangu. Ulienda kwa baba yake?

— Naenda mwezi unaokuya.

— Mutakaa bantu bangapi mu nyumba?

— Babili tu, Papa. Miye na yeye. Nilikuambia.

Mama Félicité alifungua kaye, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ileile ya asubuhi, bila kupamba:

— Responsable, Rodrigue. Bibi. Batoto babili. Mireille, dada yake. Batano. Ni yeye mwenyewe alisema, jeudi, akiwa amesimama mbele yangu.

Mzee aliweka miwani.

— Batano? Ile choo nilichimba ya bantu batatu. Nilikuambia batatu mwisho.

— Ni dada yangu, Papa, anapita tu.

Anastasie alipiga namba, akaweka haut-parleur ili wote wasikie, akalaza simu juu ya mkataba mpya.

— Mireille, niko kwa mwenye nyumba. Rodrigue iko hapa. Anasema weye ni dada yake.

Walisikia mtu akivuta pumzi.

— Shikamoo, Papa. Miye ni muke yake ya mahari, iko mwaka ya saba. Usimusainie kitu. Rodrigue, uko unanisikia? Uliniambia huyu mama analipa loyer ya nyumba kwako. Ulinitumia photo ya nyumba. Ulinitumia photo ya kitanda, Rodrigue. Ukasema, nimekutengenezea.

Rodrigue aliinua chupa ya soda, akanywa. Hicho ndicho Anastasie alichokumbuka baadaye kuliko yote: kwamba alikuwa na kiu.

— Miye nilitaka kila mutu awe na pahali, alisema mwishowe. Nilitaka kupanga polepole. Banaume wengi iko na bibi babili.

— Kwa nyumba yao benyewe, alisema Mama Félicité.

Papa Donatien alichukua mkataba mpya, akaupasua mara mbili, akavikunja vipande na kuvitia mfukoni, kama mwalimu anayenyang'anya karatasi ya wizi wa mtihani. Kisha akaipokea barua ya Anastasie na kuisoma yote.

— Anastasie, nakuandikia avertissement, onyo. Ingine nitavunja. Mugeni iko na saa makumi mbili na ine.

— Saa moja inatosha, Papa.

Ilitosha. Rodrigue alikunja nguo zake huku akizungumza: mara mapenzi, mara malaria na ule uji, mara Mireille alivyo mgumu.

— Nilikuchotea maji, Nasta. Hiyo nayo nilidanganya?

Anastasie alilifikiria kweli, maana lilikuwa swali la haki.

— Hapana. Ulichota. Ndiyo maana ulikaa miezi munane. Bila ile maji ungekaa siku tatu.

— Utabaki peke yako mu nyumba ya kukodi.

— Sahani yako ile ya bleu, usiiache. Sitaki kuiosha.

Alipanda moto-taksi na mifuko miwili. Anastasie alichukua ndoo, dawa ya kliniki na glavu, akaanza na meza. Aliosha sebule, chumba, choo, kitasa cha mlango. Godoro alilitoa nje, akaliangalia muda mrefu, kisha akamwambia jirani alibebe kama ana mbwa. Hakulia siku hiyo. Alilia Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo, na watu wakafikiri amefiwa.

Siku ya kumi na moja simu ililia. Namba ilikuwa ile ya Ariwara.

— Dada Anastasie. Ni miye Mireille. Usikate.

— Sikati.

— Alirudi hapa. Nimemuonyesha mulango. Baba yangu anasema nimuvumilie, ni bwana ya mahari. Mbele ya kumufukuza nilimuangalia anakula, nikatapika.

— Najua.

— Batoto lazima basome. Ninauza vitenge, naweza kuuzia Bunia. Hautakubali, najua, lakini sina mutu mwingine wa kuuliza huko. Nyumba inapatikana wapi?

Anastasie alisogeza kiti, akakaa. Angeweza kusema hajui. Mwanamke huyu alikuwa amepanga kumhamisha mwisho wa mwezi, kwa upole, lakini alikuwa amepanga.

— Muko bantu bangapi?

— Batatu. Miye na batoto.

— Unaenda kusaini kwa jina ya nani?

— Yangu.

— Baba yako hatasaini? Hakuna kaka atakuya kukusindikiza, aandikwe juu?

— Hapana, dada. Yangu peke yake.

— Basi fika siku ya mardi asubuhi, na carte d'électeur, kitambulisho yako. Tutasoma contrat pamoja mbele ya kusaini. Yote, mpaka nyuma.