Paa Lenye Theluji Kidogo

Lempi Harju alikuwa akinywa kahawa amesimama dirishani. Ng'ambo ya barabara ilikuwa nyumba ya jirani yake, Verna Tregear. Nyumba zao zilifanana kama mapacha. Zilijengwa mwaka mmoja na kampuni ya machimbo ya shaba, kwa ramani moja. Hata theluji iliyoziangukia ilikuwa moja.

Lakini paa la Verna lilikuwa jeupe toka juu mpaka chini. Theluji ililala juu yake, nene na tulivu, na hakuna hata tone lililodondoka. Paa la Lempi lilikuwa na mambo mengine. Jana, alipokuwa akizoa theluji uani, alilitazama vizuri. Kule juu vigae vilianza kuonekana, vyeusi na vimelowa. Ukingoni palikuwa na ukuta wa barafu mnene kama tofali, na chini yake barafu ilining'inia kama meno marefu.

"Ajabu," alisema peke yake. "Sisi tuna theluji kidogo, na sisi ndio tunaovuja."

Nyuma yake, katika chumba cha mama mkwe, maji yalidondoka ndani ya beseni. To. To. To.

Mama Hilja alikuwa na miaka themanini na sita. Chumba kile kilikuwa chake tangu alipoolewa. Sasa alikuwa analala sebuleni, kwenye sofa, siku ya nne. Binti yake, Elvi, alipiga simu kutoka mji wa Green Bay. Alisema atakuja Jumapili. Kama chumba kingekuwa bado kinavuja, angemchukua mama yake akakae naye.

"Mimi si sanduku la kuchukuliwa," Mama Hilja alikuwa akisema tangu simu ile. Alisema hivyo asubuhi, akasema tena mchana. Hakutaka kuondoka. Na leo ilikuwa Jumatatu.

Lempi alikwenda kumwaga beseni. Kisha akaandika kwenye kalenda ya ukutani. Alikuwa akiandika hivyo kwa wiki mbili: mabeseni mangapi, siku gani. Hakujua itamsaidia nini. Alitaka tu kujua.

Nje, ngazi iligonga ukuta.

"Arvid!" aliita. "Unafanya nini?"

"Ninachofanya kila mwaka," mumewe alijibu. "Baba yangu alipasua barafu kwa shoka, na mimi nitapasua kwa shoka."

Lempi alivaa koti haraka akatoka. Arvid, mwenye miaka sitini na mitatu na nyonga mbovu, alikuwa tayari kwenye daraja la pili la ngazi. Miguu ya ngazi ilikuwa imesimama juu ya barafu. Shoka lilikuwa mkononi.

"Arvid Harju!" Sauti ilitoka ng'ambo ya barabara. Verna alikuwa anakuja, kofia ya sufu imemfunika nyusi. "Ukianguka hapo, nani atanifungulia chupa zangu za achari?"

"Nenda kapike, Verna."

"Nimeshapika. Shuka kwanza, kisha unitukane ukiwa chini."

Arvid alisita. Verna hakuwa mtu wa kupuuzwa kwa habari za nyumba. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili akitambaa juu ya dari za watu, akiziba mianya na kuweka pamba ya kuzuia joto. Sasa alikuwa amestaafu, lakini magoti yake bado yalikuwa na sugu.

Arvid alishuka.

"Haya," Verna alisema. "Vigae kwenye baridi hii ni kama biskuti. Ukipiga shoka, unapasua barafu na paa pamoja. Halafu barafu yenyewe ikikatika, inaanguka juu ya nani?"

"Juu yangu," Arvid alikiri.

"Na maji ya moto je?" Lempi aliuliza. "Nilifikiri nimwagie kwa ndoo."

"Yataganda pale pale, shoga. Utakuwa umeongeza ukuta. Moto wa gesi usiufikirie kabisa. Nimeona nyumba iliyoungua hivyo."

Waliingia ndani. Lempi aliweka kahawa na nisu, ule mkate wa Kifini wa iliki. Verna alikwenda kwanza kutazama chumba. Pembeni dari ilikuwa imevimba kama tumbo.

"Taa ya humu imezimwa?"

"Imezimwa hapa kwenye swichi," Arvid alisema.

"Kazime kule kwenye kisanduku cha umeme. Maji na nyaya havipatani."

Arvid aliporudi, Verna alisukuma beseni chini ya uvimbe, akasimama kwenye kiti imara, akatoboa tundu dogo kwa msumari. Maji yalitoka kwa mkondo mwembamba.

"Unatoboa dari yangu!" Mama Hilja alilalamika kutoka mlangoni.

"Natoboa kidogo, mama, isije ikaanguka yote. Tundu naweza kuziba. Dari nzima siwezi."

Walikaa mezani. Lempi aliuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Verna, paa lako limejaa theluji. Langu halina. Kwa nini linavuja langu?"

Verna alitabasamu. "Hilo ndilo swali lenyewe. Theluji ya paa lako imekwenda wapi?"

"Imeyeyuka."

"Nje kuna baridi ya kugandisha mate. Imeyeyushwa na nini?"

Lempi alifikiri. "Joto. Lakini jua halijatoka wiki nzima." Akanyamaza. Kisha akatazama juu. "Joto la ndani?"

"Joto la ndani. Linapanda, linapita kwenye mianya, linapasha paa kutoka chini. Theluji inayeyuka, maji yanateremka. Yakifika ukingoni, pale paa linapozidi ukuta, chini hakuna chumba tena. Hakuna joto. Yanaganda. Kesho mengine yanakuja, yanagandia juu ya yale. Ukuta unakua. Mwisho maji yanakosa njia, yanasimama nyuma yake kama bwawa."

"Lakini kuna vigae," Arvid alisema.

"Vigae vimepangwa kwa maji yanayoteremka. Maji yaliyosimama yanarudi nyuma, yanaingia chini yake."

Lempi aliondoka mezani akarudi na kalenda. "Basi tazama hapa. Jumapili mabeseni manne. Jumatatu matatu. Ijumaa nusu beseni. Halafu Jumapili tena manne. Wiki zote mbili ni hivyo hivyo. Joto gani hilo linalojua siku?"

Verna alivaa miwani. Alisoma kalenda polepole, mstari kwa mstari. "Jumamosi jioni mnafanya nini?"

Arvid alicheka. "Unawauliza Wafini wanafanya nini Jumamosi jioni? Sauna! Tunaoga mvuke!"

Alicheka peke yake. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha.

"Sauna yenu iko wapi?" Verna aliuliza.

"Chini, kwenye chumba cha chini ya ardhi," Lempi alisema. "Ina feni ya kutolea mvuke. Bomba la feni linapanda ndani ya ukuta mpaka..." Alimgeukia mumewe. "Mpaka wapi, Arvid?"

Arvid alisugua kikombe kwa kidole. "Zamani lilitokea juu ya paa. Kila mwaka theluji ililifukia. Kila mwaka nilipanda kulifukua. Basi miaka sita iliyopita nililikata."

"Likaishia wapi?"

"Juu ya dari."

Wote walitazama juu.

"Yaani sisi tunaoga," Mama Hilja alisema, "na panya wa juu ya dari wanaoga."

Verna alicheka mpaka akavua miwani. "Usione haya, Arvid. Ulitaka usipande paani wakati wa baridi. Wazo hilo lilikuwa zuri. Bomba ndilo lililokwenda pabaya."

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Verna alileta reki ya theluji, yenye mpini mrefu wa kuunganisha vipande. Upande ule paa lilikuwa chini, na walilifikia wakiwa wamesimama ardhini. Kwanza Verna alitazama ulipo waya wa umeme unaoingia nyumbani.

"Mpini huu ni wa chuma," alisema. "Usiusogeze karibu na waya hata kwa bahati mbaya. Na usisimame chini ya barafu inayoning'inia. Simama pembeni, vuta kwa mshazari."

Lempi alivuta. Theluji ilianguka kwa kishindo laini.

"Kidogo kidogo. Anza ukingoni, halafu endelea kwenda juu. Ukikwaruza vigae utaving'oa, kwa hiyo acha tabaka jembamba. Mita moja na nusu hivi inatosha. Bila theluji hapo, ukuta hauna chakula."

Baada ya theluji ukabaki ukuta wa barafu.

"Sasa nahitaji soksi ndefu," Verna alisema. "Zile nyembamba za wanawake."

Lempi hakuwa nazo. Mama Hilja alikuwa nazo jozi tatu.

"Soksi zangu za kanisani?"

"Zilizotoboka tu, mama."

"Zote zimetoboka. Mchungaji hatazami miguu yangu." Akazitoa.

Verna alizijaza chembe nyeupe za kuyeyusha barafu, zile za kalsiamu kloridi zinazouzwa dukani kwa magunia.

"Chumvi ya jikoni haifai?" Lempi aliuliza.

"Haifanyi kazi kwenye baridi kali. Halafu inakula misumari na kuua maua yako."

Kwa ncha ya reki waliisukuma kila soksi juu, ikalala kukata ukuta wa barafu, mguu wake ukining'inia nje ya ukingo. Kisha wakaondoka, wakafunga kamba uani ili mtu asipite chini.

Kesho yake mchana Lempi alitoka kutazama. Kila soksi ilikuwa imejichimbia mfereji. Maji yaliyosimama nyuma yalikuwa yakitoka nje, yakidondoka kwenye theluji. Alirudi ndani mbio. Katika beseni hakukuwa na tone jipya.

"Na kama paa lingekuwa juu zaidi?" alimuuliza Verna.

"Ungemwita fundi mwenye mashine ya mvuke. Anayeyusha bila kupiga. Lakini hata yeye anaondoa barafu tu. Ile sababu tunaiondoa sisi."

Jumatano walipanda juu ya dari kwa ngazi ya ndani. Verna alikanyaga boriti tu. Alimulika tochi. Misumari yote ya paa ilikuwa imevaa ukungu wa barafu, iking'aa kama sukari. Bomba lilikuwa wazi, limeelekezwa juu. Chini ya upenu, matundu ya hewa yalikuwa yameshindiliwa magunia.

"Na haya?"

"Baridi ilikuwa inaingia," Arvid alisema kwa sauti ndogo.

"Inatakiwa iingie. Paa libaki baridi, chumba kibaki na joto. Kati yao pamba."

Waliondoa magunia. Waliziba mianya kuzunguka nyaya na mabomba. Waliweka pamba mpya, na kifuniko kinene kwenye mlango wa dari. Arvid alirefusha bomba la sauna, akalitoa kwenye ukuta wa pembeni, juu kabisa, mahali theluji isipofika. Alilivalisha pamba pia, mvuke usigande ndani.

Alhamisi theluji ilianguka upya, mchana kutwa. Jumamosi wakawasha sauna. Arvid aliingia kama mtu anayekwenda kusikiliza hukumu. Alitoka mara mbili, mwili unafuka, kwenda kutazama ukuta wa pembeni. Mvuke ulikuwa unatoka nje, mweupe, unakwenda zake.

Jumapili Elvi alifika na sanduku tupu. Kabla hajabisha hodi alisimama barabarani, akatazama paa la Verna, kisha la kaka yake. Yalikuwa sawa. Meupe yote.

Alimkuta mama yake chumbani, kitandani kwake, blanketi limefika kidevuni. Elvi alipanda kitini akagusa dari. Ilikuwa kavu.

"Sasa, mama, huji kwangu?"

"Nije kufanya nini?" Mama Hilja alisema. "Hapa kuna joto. Na sasa halitoroki."