Losheni ya Mama Isiyokwisha

Kila asubuhi Jerioth alimwogesha binti yake Sharon, akampaka losheni. Walikaa Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime. Losheni hiyo iliachwa na mama yake Jerioth, aliyefariki mwaka juzi.

Ilitoka kampuni kubwa, ile inayotengeneza pia sabuni za kufulia na dawa za meno. Kila duka linayo. Lakini Jerioth hakutaka ya dukani. Hii mama aliishika kwa mikono yake. Ilipopungua, alitia maji kidogo, akaitikisa. Mwezi uliofuata akatia tena. Kusema kweli, maji yalishaizidi losheni, lakini nani angemwambia? Alimkumbuka mama sana.

Sharon, mwenye miaka saba, akaanza kujikuna. Mikono yake ikajaa vipele. Jerioth akabadilisha sabuni, wapi.

Siku moja akapita Efrazia, jirani yao, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama Sharon. Mtoto unampaka nini?"

Jerioth akaleta chupa. Efrazia akanusa, akakunja uso.

"Umetia maji humu?"

"Kidogo tu. Isiishe."

"Maji yanaleta vijidudu. Dawa ya kuvizuia, waliyoweka kiwandani, inakosa nguvu. Halafu tazama hapa nyuma. Unaona mchoro wa kopo lililo wazi? Limeandikwa 12M. Ukishafungua, tumia miezi kumi na miwili, basi."

"Dada, hii ni ya mama."

"Najua. Tulimzika sote. Lakini usimpake mtoto tena. Mwogeshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Vipele vikizidi, mpeleke kituo cha afya."

Jerioth akaitazama mikono ya mwanawe. Kisha akaenda kuimwaga losheni chooni. Aliona kama anamzika mama mara ya pili. Alilia sana.

Baada ya wiki mbili ngozi ya Sharon ilipona. Ndipo Jerioth akanunua chupa mpya, ndogo, ya aina ileile. Akaandika juu yake tarehe ya kuifungua. Akajipaka kidogo mkononi.

Harufu ikamjia yote, ya mama akijiandaa kwenda kanisani. Losheni ile ya zamani ilikwisha kuipoteza harufu hiyo siku nyingi, naye hakujua.

Sharon akaingia kutoka shule, akasimama mlangoni.

"Mama," akauliza, "bibi amekuja?"