Mafundo Manne ya Muzee Florent

Kila siku saa saba mchana, kengele ya shule ilipolia, Bertille aliwaaga wenzake kwenye njia panda ya Kataki na kuwaambia kwamba anapitia ziwani. Hakuwa na shughuli yoyote ziwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili na aibu moja kubwa: Landrova iliyosimama mbele ya nyumba yao.

Gari hilo lilikuwa la nkambo wake, mzee Mwamba, aliyemzaa Papa yake. Alilinunua zamani kwa mzungu wa shamba la pamba aliyekuwa anarudi kwao, akalibebea mahindi, mihogo, wagonjwa na maharusi wa Kalemie nzima. Nkambo alipofariki, gari likalala. Kwa miaka sita kuku walitagia kwenye viti vyake. Watoto wa shule walipopita waliimba: "Kibanda cha kuku kina taa mbili!" Bertille alisikia wimbo huo hata usingizini.

Shuleni aliitwa Kisimba, maana miaka ile ya Zaire majina ya ubatizo hayakuruhusiwa kwenye daftari la mwalimu. Nyumbani alibaki Bertille, na nyumbani ndiko kisa hiki kilikoanzia.

Mwaka ule Papa yake, Hippolyte, alivuna magunia ishirini ya mahindi katika shamba lao la barabara ya Nyunzu, kilometa thelathini kutoka mjini. Baiskeli isingeweza kuyahamisha. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Barnabé alikuwa na lori, lakini ujira wake ulikuwa nusu ya mzigo: magunia kumi! Papa Hippolyte akakataa. Akawafukuza kuku, akamwita Muzee Florent, fundi aliyelitunza gari hilo tangu enzi za nkambo.

Muzee Florent alikuwa mwembamba, mweusi kwa mafuta hadi kwenye kope. Alilala chali chini ya injini, akatoa vipande vinne vya chuma na kuvipanga juu ya mkeka.

"Bertille, mwanangu, njoo uone," alisema. "Hizi ni kofia. Kila kofia inakumbatia mkono wake mmoja wa chuma ndani ya injini. Zinafanana kama ndugu, lakini si mapacha. Miaka ishirini kila moja imesuguana na mwenzake mpaka wamezoeana. Ukibadilisha wenza, nyumba inaungua."

"Sasa utajuaje ipi ni ipi, Muzee?"

Mzee akacheka. Baba yake alikuwa mshona nyavu, naye alirithi uzi kabla ya kurithi spana. Alichukua uzi mweusi wa nyavu, akaizungushia kofia ya kwanza na kupiga fundo moja. Ya pili akaipiga mafundo mawili, ya tatu matatu, ya nne manne. Rangi hutoka kwenye petroli, alieleza, lakini fundo halitoki. Wala hakukata uzi mfupi mfupi; kila kofia aliizungushia pima mbili nzima, kwa sababu uzi uliokatwa, alisema, ni uzi uliokufa.

"Kazi yako ni kuziosha moja moja, na kuzilinda. Mimi nitarudi kesho kutwa."

Bertille akaziosha vizuri kabisa. Tatizo halikuwa kuosha. Tatizo lilikuwa sikukuu ya mwezi wa tano, ambapo shule yao ingecheza mbele ya wakubwa wa mji. Viviane, aliyeongoza kundi la wasichana, alipita asubuhi ile, akaegemea Landrova na kumtazama Bertille kichwani.

"Kisimba, utacheza na nywele hizo? Kichwa kama shamba lililochomwa moto! Nitakupanga nyuma kabisa, nyuma ya ngoma."

"Mama yuko shambani analinda mahindi," Bertille alijibu. "Hakuna wa kuninunulia uzi."

"Basi leta uzi wowote, nitakusuka mimi. Usipoleta, usilie kesho."

Macho ya Bertille yakaanguka kwenye mkeka. Uzi mweusi, laini, mrefu, unang'aa kwa petroli. Moyo wake ukamwambia: acha. Mikono yake haikusikia. Alifungua fundo moja, mawili, matatu, manne, akaufua uzi kwa sabuni na kukimbia kwa Viviane. Kabla ya jua kutua, nywele zake zilisimama vijiti kumi na vinane, vimekaza, vinapendeza.

Aliporudi nyumbani akaona kofia nne zimelala uchi juu ya mkeka, na hakuna iliyomwambia jina lake. Akazigeuzageuza. Zilifanana kweli kama ndugu. Alikuwa amebakiza ncha chache za uzi. Akazifunga kwa kubahatisha: hii fundo moja, hii mawili, hii matatu, hii manne. Kisha akanawa mikono mara tatu, ingawa haikuwa michafu.

Siku ya sikukuu Bertille alicheza mstari wa mbele, na watu wakapiga makofi. Kesho yake Muzee Florent alirudi. Aliona uzi umekuwa mfupi, akasema tu, "Panya wa nyumba hii wanapenda nyavu," akahesabu mafundo kwa kidole gumba na kurudisha kofia ndani ya injini. Bertille alikuwa amesimama pale pale, akimshikia bakuli la skrubu. Neno lilimfika kwenye meno, akalimeza.

Jumamosi mtaa mzima ulitoka kuangalia. Papa Hippolyte alitia manivele, chuma cha kuzungushia injini, mbele ya gari, akaimba maneno aliyoimba nkambo kila asubuhi:

"Amka, chuma cha baba,
amka ubebe shiba!"

Manivele ilizunguka kwa uzito, kama inasukuma ukuta. Muzee Florent alikunja uso. Lakini mara ya saba injini ikakohoa, ikanguruma, na watu wakashangilia. Papa akashika usukani, fundi akakaa kando yake, Bertille akapanda nyuma. Wakaondoka kwa fahari kuelekea daraja la Lukuga.

Hawakulifikia. Kwenye mteremko, kitu kikaanza kugonga chini: ko, ko, ko! Halafu moshi ukatoka, wa bluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, na Landrova ikasimama katikati ya barabara. Nyuma yao lori la Barnabé likapiga honi. Barnabé mwenyewe akashuka, tumbo mbele.

"Hippolyte! Gari la marehemu mnalitengeneza kwa macho ya marehemu? Muzee Florent, kapumzike. Nenda ziwani ukaanike visamaki vya ndagala na akina mama!"

Watu wakacheka. Muzee Florent akashika spana yake. Aliingia chini ya gari na kukaa huko muda mrefu. Alipotoka, alikuwa ameshika kofia moja iliyobadilika rangi kwa moto, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia kijijini kwao.

"Mafundo niliyafunga mimi," alisema polepole. "Niliyahesabu mimi. Kama kuna kosa, ni la mikono hii. Nimezeeka, Hippolyte. Unisamehe."

Gari likasukumwa mpaka nyumbani. Jioni ile ile mzee alileta sanduku lake la spana, akaliweka mlangoni kwa Papa Hippolyte. "Uza hizi, zifidie hasara. Mimi sishiki injini tena."

"Muzee, siwezi kupokea vyombo vyako."

"Viache hapo. Havinijui tena."

Jumapili Mama Henriette alirudi kutoka shambani. Mvua ya mwisho ilikuwa imeanza, na paa la ghala la kule shambani lilikuwa linavuja. Papa akasema hakuna njia nyingine: Jumanne angempa Barnabé magunia kumi. Mama alimsogelea Bertille. Alipitisha mkono kwenye kichwa cha binti yake.

"Umesukwa vizuri, mwanangu. Uzi mzuri huu. Nani amekupa?"

"Viviane, Mama."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Jambo hilo likamtisha Bertille. Usiku kucha kichwa kilimuuma, kila kijiti cha nywele kikivuta ngozi kama kidole kinachomwonyesha mwizi.

Jumatatu saa saba aliwaaga wenzake kwenye njia panda, akapitia ziwani kama kawaida yake. Mvua ilikuwa imepumzika, na wanawake walikuwa wameanika ndagala mchangani, fedha tupu mpaka majini. Katikati yao, amechuchumaa kando ya mke wake Mama Julie, alikuwepo mwanamume mmoja tu. Muzee Florent. Alikuwa anageuza ndagala. Vijana wawili waliokuwa wanatengeneza mtumbwi wakaita, "Fundi! Hao samaki wako wana injini ngapi?" Mzee akaendelea kugeuza ndagala.

Alipoinua macho akamwona Bertille, na akatabasamu. "Umependeza, mwanangu. Nkambo wako angefurahi kukuona."

Hapo Bertille akavunjika. Njia aliyozoea kuitumia kuikimbia aibu ilikuwa imemfikisha mbele ya aibu yenyewe. Alipiga magoti mchangani, akaanza kufungua nywele zake, kijiti kimoja baada ya kingine. Wanawake wakaacha kazi. Alipomaliza, alishika mikononi rundo la uzi mweusi.

"Muzee, uzi wako ni huu. Si panya. Ni mimi. Nilifungua mafundo nikasukwe, halafu nikayafunga tena kwa kubahatisha."

Mzee alitazama uzi. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaipindua juu na chini. Kisha sauti yake ikapasuka kama radi.

"Siku mbili! Siku mbili ninaiangalia mikono hii kama mikono ya mgeni! Nimekaa kwangu ninahesabu vidole, nione kama bado ninajua kuhesabu! Ulinishikia bakuli, Bertille. Ulisimama pale, ukaniona ninahesabu uongo wako, ukanyamaza!"

Machozi ya Bertille yalidondoka mchangani. Mama Julie akamgusa mume wake begani, na mzee akavuta pumzi ndefu.

"Umekuja mwenyewe," alisema. "Hiyo ni nusu. Jina langu halikuvunjikia hapa ziwani, lilivunjikia barabarani mbele ya watu. Nusu nyingine unaijua."

Bertille aliijua. Jioni hiyo, nywele zimetimka pande zote, alisimama mbele ya Landrova. Muzee Florent alikuwepo, Papa Hippolyte alikuwepo, Mama Henriette alikuwepo, Barnabé alikuwa amekuja kupatana juu ya magunia yake, na majirani hawakukosa. Alisimulia yote kwa sauti, bila kujificha nyuma ya Viviane.

Papa yake alimgeukia. "Mimi nilipokea sanduku la mtu huyu mlangoni kwangu," alisema. "Umenifanya nimwaibishe rafiki wa baba yangu." Maneno hayo yalimuuma Bertille kuliko fimbo. Mama yake aliziangalia zile nywele, akakumbuka swali lake la jana, na Bertille akaona kwamba amekumbuka.

Barnabé akacheka kidogo, lakini hakuna aliyecheka naye. Akakohoa. "Muzee Florent," alisema akitazama viatu vyake, "mambo ya ndagala yale... ulimi uliteleza."

"Ndagala si matusi," mzee alijibu. "Wewe mwenyewe umezila leo mchana." Sasa watu wakacheka kweli, na Papa Hippolyte akaingia ndani, akabeba sanduku la spana kwa mikono miwili na kulirudisha kwa mwenyewe.

Kazi ilichukua siku tatu. Muzee Florent alitafuta wenza wa kofia kwa kulinganisha mikwaruzo, akizishika kwenye mwanga wa jua moja moja. Mbili zilikuwa zimeharibika ndani, akatoa mabati membamba ya ndani ya kuzitengenezea kwenye injini kuukuu iliyokuwa uani kwake. Bertille aliosha, alifuta, alibeba maji. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Viviane alipopita na wenzake na kusema, "Tazameni, kichwa cha kuku aliyenyeshewa!" Bertille aliinua uso, akajibu, "Ndiyo, nimenyeshewa," akaendelea kusugua.

Kila kofia ilipompata mwenzake, mzee alimkabidhi Bertille ule uzi. "Funga wewe. Na uhesabu kwa sauti."

"Moja," alisema Bertille. "Moja, mbili. Moja, mbili, tatu..."

Alhamisi alasiri manivele ilizunguka nyepesi. Mara hii aliyeimba maneno ya nkambo ni Bertille, na mara ya tatu tu injini ikaitika, tulivu, bila kugonga. Ijumaa walileta mahindi. Yalikuwa magunia kumi na sita. Manne yalikuwa yamelowa na kuchipua katika siku zile walizopoteza, na Papa aliyamwaga mbele ya Bertille ayaone, kisha akawapa kuku.

Walipofika njia panda ya Kataki ilikuwa saa saba, na wanafunzi walikuwa wamejaa barabarani. "Kibanda cha kuku!" mmoja akaita. Bertille alikuwa ameketi juu ya magunia. Hakuinama. Alipunga mkono.

Nyumbani, wakati wa kushusha mzigo, Muzee Florent alimwita kando, akamwekea mkononi kipande kifupi cha uzi mweusi chenye fundo moja.

"Kitunze," alisema. "Fundo ni neno, mwanangu. Mtu akikuta fundo, anaamini kwamba aliyelifunga alijua anachofunga. Kosa la kuchukua uzi lilikuwa dogo. Ungeniambia siku ile ile, ningekukaripia na kutafuta wenza kwa saa moja. Ulipofunga fundo la uongo, ndipo uliponivunja mimi, ukalivunja gari, ukamwaga jasho la mama yako. Ukikosea, sema kungali mapema. Aibu ya kusema hupita siku moja. Aibu ya kunyamaza hukaza kila siku."

Bertille alikifumba kiganja chake juu ya uzi ule. Kisha akaenda kumsaidia Mama yake kubeba gunia la mwisho, na njiani, bila kuulizwa, akamwambia, "Mama, ule uzi, Viviane hakunipa."

"Ninajua," Mama Henriette alijibu. "Nilikuwa ninakusubiri."