Maji Katika Spika za Penitoa

"Tala elfu mbili!" Seluia alipiga kiganja mezani mpaka vikombe vikaruka. "Elfu mbili kwa kompyuta ya kutazamia sinema? Kwani wewe Penitoa umefungua ukumbi?"

"Si sinema tu. Inahifadhi. Raga, kwaya, filamu, vyote vinakaa humo humo. Intaneti ikikatika, wewe unaendelea kutazama."

"Kisanduku cha intaneti ni tala mia mbili. Unakichomeka kwenye televisheni, unashika rimoti, kwisha."

"Na bando utalipia kwa nazi? Wingu likipita tu picha inaganda, mchezaji mguu juu. Kile ni kitu cha kuchezea watoto, Seluia."

"Cha kuchezea watoto ni wewe."

Walibishana hivyo wiki nzima, mume na mke, katika kijiji kimoja cha kusini mwa kisiwa cha Upolu, na mpita njia angedhani wanagombania pesa zao. Hazikuwa zao. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu sipendi kumzungusha mtu. Pesa zile alizituma kaka yake Penitoa kutoka Auckland, na alizituma kwa kazi moja tu: kulisakafia na kuliezeka kaburi la mama yao, Fiasili, aliyezikwa mbele ya baraza la nyumba yake mwenyewe kama wanavyozikwa wazee wote pale. Makaburi ya majirani yalikuwa na vigae na mapaa ya bati. La Fiasili lilikuwa tuta la mawe meusi, juu yake turubai lililotoboka.

Seluia alijiona ana huruma. "Tukichukua kisanduku, zinazobaki tutamnunulia Mama saruji."

"Mama hana haraka," alisema Penitoa. "Mama haendi popote."

Alisema hivyo dirisha likiwa wazi, kaburi likiwa pale pale nje.

Penitoa akashinda. Alishuka mjini Apia akarudi na kompyuta nyeusi, kibodi isiyo na waya, spika tano, na sabufa kubwa kama kigoda cha jikoni. Aliziunga mwenyewe, akajaza raga, akaita majirani waje waone. Katikati ya mechi, mpigaji alipokuwa anapima mkwaju na uwanja mzima umenyamaza, sabufa ilidondosha tone.

To.

Moelagi, binti yao wa pekee, mtoto wa miaka tisa, aliinua kichwa. "Baba, kuna maji humu."

Penitoa aliipapasa sabufa juu, chini, nyuma. Ilikuwa kavu. Alimpigia fundi wa Apia, fundi akasema kuna waya umelegea. Akaukaza. Matone yakaongezeka.

Jioni iliyofuata baragumu la kombe la baharini lililia kijijini, saa ya sala, saa ambayo hakuna redio inayonong'ona wala gari linalopita, na vijana wa zamu walisimama barabarani na fimbo zao. Penitoa alikuwa amezima kila kitu mpaka swichi ya ukutani. Seluia alipofungua kinywa kuanza wimbo, spika zote tano zikaanza kunyesha. Haikuwa mvua ya kwenye bati. Ilikuwa mvua ya kwenye udongo, ile inayozama.

"Penitoa!" kijana mmoja aliita barabarani. "Saa ya sala, bwana! Zima hiyo!"

"Imezimwa!"

"Imezimwa mbona tunasikia mvua? Unataka ukoo wako utozwe faini ya nguruwe?"

Penitoa alinyofoa nyaya moja moja, na kila waya alioutoa sauti ilizidi, na pamoja na sauti ikaja harufu, kwanza ya udongo uliolowa, kisha chini yake harufu ya mafuta ya nazi yenye maua, yale yale waliyompaka Fiasili siku ya kumvika nguo za mwisho, harufu ambayo hakuna mtu aliyeitaja ingawa wote watatu waliijua, na baragumu la pili lilipolia la kumaliza sala na mvua ikakatika ghafla, Moelagi alikuwa amelala chali mkekani, midomo ya buluu, nywele zake ndefu zikichuruzika maji.

Hospitali walimpima, wakampa dawa ya maji ya kikohozi. Joto la mwili lilizidi kushuka. Walimfunika mablanketi, akatetemeka chini yake. Walimbadilishia shuka, ikalowa.

"Ni hilo dude lako!" Seluia alilia. "Lirudishe, Penitoa, lirudishe mtoto asife!"

Dukani walilichukua kwa nusu ya bei, wakamkabidhi kisanduku. Kilikuwa kidogo, kinaenea kiganjani. Alikichomeka mbele ya mkewe, na kabla hajagusa rimoti, televisheni yote ilijaa mlio wa maji, na humo ndani mtu alikuwa anakohoa, kikohozi kizito cha mwanamke mzee.

"Si nilikwambia kisanduku hakifai!" Penitoa alifoka.

"Kosa ni langu? Nani aliyeanza na masabufa?"

Hapa ndipo hasira hunipanda. Mtoto anakakamaa kwa baridi kitandani, na watu wazima wawili bado wanagombana kuhusu mashine. Walijua. Wote wawili walijua kikohozi kile ni cha nani, na ndiyo maana walipiga kelele kiasi kile.

Seluia ndiye aliyevunjika kwanza. Alimleta Bibi Kuinise, mganga wa ng'ambo ya mto, mama mnene asiye na subira, na kichupa chake cha mafuta na majani ya kijani. Bibi Kuinise hakuitazama hata televisheni. Aliketi kando ya mtoto, akamsugua tumbo, akasugua mpaka jasho likamtoka, kisha akainama sikioni.

"Uliyemo humu, wewe nani?"

Moelagi alikohoa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kizee, yenye makohozi.

"Mwenye nyumba."

Seluia aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Unataka nini kwa mtoto huyu, Mama Fiasili?"

"Nimelala majini. Nina baridi. Huyu ana joto."

"Mama," Penitoa alinong'ona, "pesa zimepungua. Nitamwambia kaka atume nyingine. Mwezi ujao, Mama, nakuapia..."

"Utamwambiaje?" iliuliza sauti.

"Joto limebaki kidogo," Bibi Kuinise alimwambia Penitoa bila kupamba maneno. "Mimi simtoi mtu anayedai haki yake. Nenda ukamwangukie."

Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Penitoa alichukua mkeka laini wa ukoo, ule usiotoka ila kwa mazito, akaenda akaketi juu ya mawe ya kaburi, akaufunika kichwani mpaka chini. Ndivyo mkosaji anavyoomba pale: anakaa gizani chini ya mkeka, na aliyekosewa akija kumfunua, amesamehewa. Asipokuja, anaendelea kukaa. Majirani walisimama mbali. Alisikia mkewe akilia barazani, alisikia kuku, kisha hakusikia tena chochote isipokuwa pumzi yake mwenyewe, na baada ya pumzi yake akasikia matone, ya karibu, yakidondoka mkekani katika jua lile lile lililokuwa likimchoma mgongo, na mawe yakawa baridi chini yake, na maji yakapanda polepole mpaka magotini, na yeye akaendelea kusema nisamehe Mama, nisamehe, mwachie mwanangu, mpaka ukingo wa mkeka ukainuka.

Mkono mdogo ndio ulioinua. Mkono wa Moelagi.

"Mwanangu!" Machozi yalimtoka. "Umepona? Amekuacha?"

Mtoto hakuufunua mkeka. Aliingia chini yake, akajikunja ubavuni mwa baba yake, baridi kama samaki wa barafuni, nywele zikimlowesha kifua. Alitazama juu, akaupapasa mkeka kwa ndani, taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya fundi. Kisha akakohoa.

"Huu ni mkeka," ilisema ile sauti ya kizee. "Nataka paa langu."